Marehemu Alifika Mwenyewe

Jumatatu tarehe tisa, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mwanamke mmoja mwenye tepu ya kupimia shingoni aliingia kituo cha polisi akasema anamtafuta binti yake. Askari wa zamu akafungua kitabu, akauliza binti huyo alionekana mara ya mwisho lini. Mama akajibu kwamba ni tarehe ishirini na tano ya mwezi uliopita, kwenye ofisi ya mikopo ya wanafunzi. Na kabla ya hapo alikuwa wapi?

"Kaburini," akasema mama.

Askari aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wanne, na kwenye kaunta ile alishasikia mengi, lakini hilo halikuwa na safu yake kitabuni. Akafanya wanavyofanya wote pale kituoni jambo likiwashinda. Akamwita Bi Taratibu.

Bi Taratibu alikuwa inspekta wa kesi za nyaraka za kughushi. Jina hilo walimbandika wenzake, kwa kuwa alisoma kila karatasi mara tatu na kikombe kimoja cha chai kilimchukua saa nzima. Walimcheka weee, halafu kesi ikiwatoa jasho wanampelekea kimyakimya. Alimkalisha mama kwenye chumba chake, akafunga mlango, akamwambia aanzie anapotaka.

Mama alikuwa fundi cherehani, mjane, akishona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mwanawe wa pekee alisoma chuo kwa mkopo, na mdhamini wa mkopo huo alikuwa yeye mama, kwa dhamana ya nyumba hiyohiyo. Binti alipokuwa mwaka wa tatu, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ukuta wa bweni ukaporomoka, akafa usingizini. Huo ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Sheria iko wazi, maana mambo mema nayo hutokea: tangu miaka miwili iliyopita, mkopaji akifa, au akipata ulemavu wa kudumu asiweze kufanya kazi, deni hufutwa na mdhamini anaachiwa. Kinachotakiwa ni cheti tu, cha kifo au cha daktari. Shemeji yake mama alikipeleka cheti, ofisi ikasema haijakiona. Mama akaandika barua tatu, hazikujibiwa. Ikaja notisi ya mnada, na Alhamisi iliyopita ikaja barua.

Bi Taratibu aliisoma mara tatu. Ilisema ombi la mdhamini limekataliwa, kwa kuwa mkopaji alifika mwenyewe ofisini tarehe ishirini na tano, akathibitisha kwamba yu hai, hana kazi, na deni adaiwe mdhamini wake. Nyuma ilibanwa nakala ya fomu inayoitwa fomu ya kujitokeza, yenye jina, sahihi, alama ya dole gumba la kulia, na muhuri wa karani aliyempokea. Mnada ulikuwa Ijumaa ya wiki hii, saa nne asubuhi.

Inspekta alimwambia mama wazi kwamba hiyo lazima ni karatasi ya kughushi. Mama akatikisa kichwa. Sahihi ile anaijua, alisema, aliiona ikijifunza kuandikwa.

"Mama, mwili uliuona?"

"Nilionyeshwa mkono," akasema. "Uso walinikataza, walisema nisiutazame. Wakautoa mkono wa kulia kwenye shuka. Nikaona kovu la mkasi kwenye dole gumba, hapa katikati ya nyama. Alijikata akinisaidia kukata sare, likizo ya mwaka wa pili. Nikasema ndiye. Lakini makovu ya mkasi ni mengi duniani, afande. Mimi mwenyewe ninayo mawili."

Inspekta akamwuliza kama anataka mnada usimamishwe. Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za jirani.

"Nyumba waichukue. Kama kasema mimi nilipe, nitalipa. Nataka kujua aliingia kwa mlango gani, na alipotoka alielekea wapi."

Tangu Alhamisi alikuwa halali chumbani. Alilala kitini kwenye chumba cha kushonea, taa ikiwaka, asije akapitwa. Bi Taratibu alikaa miaka kumi na tisa katika kazi ile, na watu walishamlilia wizi wa mashamba, urithi, hata ndoa. Hakuwahi kukutana na mtu aliyeogopa kwamba ushahidi ni wa uongo. Mama alipoondoka, inspekta alijikuta amesimama dirishani akiwatazama wasichana waliokuwa wakipita barabarani, mmoja mmoja, na akajionea aibu.

Jumanne saa tatu asubuhi alichukua fomu yenyewe halisi kwa amri ya mahakama, akaipeleka maabara. Mtaalamu wa alama za vidole ni mtu wa mizaha. Hata maiti humtania. Alichukua alama aliyopiga binti alipoomba kitambulisho akiwa na miaka kumi na minane, akailinganisha na ile ya kwenye fomu, akaanza kuimba. Katikati ya wimbo akanyamaza. Akasafisha lenzi, akatazama upya, akamwita inspekta.

"Dada, ni yeye," akasema. "Haijachorwa wala haikutengenezwa kwa mpira. Safi kabisa kama ile ya kitambulisho, hata mkwaruzo hamna, utadhani zimepigwa wiki moja."

Inspekta akainama akatazama mwenyewe. Akauliza kama alama inaweza kuchukuliwa kwenye mkono wa maiti. Mtaalamu akasema inawezekana, mtu akiupata mkono mapema na akiwa na moyo mgumu. Basi inspekta akaenda hospitali kufungua kitabu cha chumba cha maiti. Aliyeuchukua mwili alikuwa shemeji yake mama, yaani baba mdogo wa marehemu, na kitabu kilionyesha alibaki peke yake na mwili kwa dakika arobaini. Huyohuyo ndiye aliyedai kupeleka cheti kilichopotea. Na inspekta alipompigia simu dalali wa mnada, akaambiwa kwamba huyohuyo alikwenda mara mbili kuulizia bei ya nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza Bi Taratibu, akaagiza mtu huyo aletwe.

Baba mdogo alifika saa tisa alasiri, muuza mbao, mfupi, mwenye vumbi la msumeno kwenye nyusi na hasira iliyokuwa tayari. Alikaa bila kukaribishwa. Kuhusu bei ya nyumba hakukana. Alikuwa ameuza nusu ya mbao zake ili ainunue siku ya mnada, shemeji yake asitupwe nje. Mbona hakumwambia? Akasema yule mama angekataa, na yeye hana nguvu ya kubishana na mwanamke aliyefiwa mara mbili. Inspekta akamwuliza zile dakika arobaini alikuwa akifanya nini. Hapo mtu yule hasira yote ikamtoka.

"Nilikuwa namtoa udongo kwenye nywele," akasema. "Zilikuwa zimesukwa. Ulikuwa umeingia kila mahali."

Kuhusu cheti, alieleza kwamba alikipeleka jioni, karani wa mapokezi ameshaondoka. Alipokewa na mzee mmoja mpole, ambaye alimvutia kiti, akampa chai, akakisoma cheti, akalia naye. Jina hakuuliza. Inspekta akataka kuona risiti.

"Mtu analia na wewe, utamdai risiti?"

Bi Taratibu alimwacha aende, lakini hakumfuta kwenye daftari. Machozi ameyaona mengi, na mengine yalikuwa ya kukodi. Usiku ule hakula vizuri. Ikiwa si baba mdogo, basi mkono uliopiga alama ile ulikuwa mkono ulio hai, na mama alikuwa sahihi kukaa kitini.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi alikwenda nyumbani kwa mama. Alikuta sare za watoto zimetundikwa ukutani, mikono mitupu imeninginia, na mama kitini amevaa nguo za jana. Inspekta hakuwa hodari wa kuficha. Alimwambia kwamba alama ni ya mwanawe kweli, na kwamba bado hajajua imefikaje pale. Akaeleza alivyoambiwa maabara, kwamba ni safi, haina hata mkwaruzo.

Mama akasimama polepole. Uso wake ulifunguka, na inspekta anasema hajapata kuona furaha ya kutisha namna ile.

"Limepona?" akauliza. "Kovu lake limepona?"

Bi Taratibu alitazama dole gumba lake mwenyewe. Akaomba maji, ingawa hakuwa na kiu. Kovu la mkasi lililokata nyama ya dole gumba haliponi likaacha ngozi laini; hukata mistari ya alama mpaka mtu anaingia kaburini. Mkono uliotolewa kwenye shuka ulikuwa na kovu. Kwa hiyo baba mdogo hakuipata alama ile kwenye chumba cha maiti, na maskini wa Mungu alikuwa amesema kweli. Wala kama binti angekuwa hai mwezi uliopita asingeweza kupiga alama isiyo na kovu. Ilibaki njia moja tu, nayo haikwenda mbele, ilirudi nyuma. Dole gumba lile lilipigwa kabla ya mkasi, kabla ya likizo ya mwaka wa pili, siku ambazo binti hakuwa na habari ya kufa.

Alimweleza mama hivyo, taratibu, neno kwa neno. Mama alirudi kukaa. Hakulia. Alisema tu kwamba inspekta atakapokuwa na hakika arudi amwambie, na kwamba mpaka hapo yeye atakaa hapohapo.

Saa tatu na robo Bi Taratibu alikuwa ofisi ya mikopo. Karani wa mapokezi, mwanamke nadhifu mwenye muhuri mkononi kama aliyezaliwa nao, aliitazama fomu, akakubali kwamba muhuri ni wake. Inspekta akamwomba amweleze huyo binti alivyovaa siku ile. Karani akaanza kusema watu ni wengi, hawezi kukumbuka. Inspekta akasogea kwenye kalenda ya ukutani, akaufungua mwezi uliopita, akaweka kidole kwenye ishirini na tano. Ilikuwa nyekundu. Ilikuwa Jumapili.

Karani alikaa. Kisha akasema yote, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Yeye hawaoni watu. Kila wiki huletewa rundo kutoka masjala, yanakohifadhiwa majalada, naye hugonga muhuri mpaka mkono unauma. Na alama ya kidole je? Karani alishangaa kwamba hata hilo linaulizwa. Siku ya kwanza ya chuo, alisema, kila mwanafunzi hupiga dole gumba na sahihi kwenye fomu tatu tupu, kisha huwekwa ndani ya jalada lake. Vyuo viko mbali, na kumwita mtu arudi kwa ajili ya sahihi moja ni usumbufu, basi fomu ikihitajika inajazwa tu. Ndivyo walivyokuta wenzao wakifanya.

"Kwa hiyo yeyote mwenye ufunguo wa masjala anaweza kumfufua mtu," akasema inspekta.

Karani akasema hakuna aliyewahi kuliona hivyo. Nami namwamini. Ofisini mambo mengi mabaya huanza kwa mtu kutaka kumwondolea mwenzake usumbufu.

Mkuu wa masjala alileta jalada mwenyewe. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na minane, shati limenyooshwa, peni tatu mfukoni, sauti ya chini. Alimpa inspekta pole ya kazi. Akamletea na chai bila kuombwa, akaiweka mbali na karatasi isije ikamwagika. Bi Taratibu aliishika ile chai muda mrefu bila kuinywa. Akaomba orodha ya fomu zote za kujitokeza tangu sheria mpya ianze, naye mzee akaiandika kwa mkono wake, bila kusita.

Zilikuwa arobaini na moja. Kila moja ilikuwa na tarehe ishirini na tano ya mwezi fulani. Mchana kutwa inspekta alikaa kwa msajili wa vifo na kupiga simu hospitali, na kufikia saa kumi na moja jioni alikuwa amepata jibu. Kati ya watu arobaini na mmoja waliofika ofisini kwa miguu yao, thelathini na watatu walikuwa wamekufa. Wanane walikuwa vitandani, na mmoja wao hakuwa na miguu.

Kilichomsumbua ni fedha. Alizifuata zote zilizolipwa na wale wadhamini, akategemea kuziona zikipotelea mfukoni mwa mtu. Hazikupotea. Zote ziliingia ofisini, senti kwa senti. Mwizi gani huyu asiyeiba?

Alhamisi saa nne asubuhi aliingia masjala na hati ya upekuzi. Kilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, kikinuka karatasi na dawa ya mende, na vijina vya wanafunzi vimeandikwa kwenye migongo ya majalada maelfu kwa maelfu. Karani alikuja naye. Nyuma yake alikuja baba mdogo, aliyeitwa na inspekta, akasimama mlangoni, akamtazama mzee aliyekuwa juu ya ngazi, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ndiye aliyempa chai.

Mzee alishuka, ngazi moja moja. Alimsalimia baba mdogo na kumwuliza hali ya yule mama.

"Unamkumbuka?" inspekta akauliza.

"Nawakumbuka wote."

"Cheti ulichopewa kiko wapi?"

Mzee alitoa ufunguo mfukoni, akafungua droo ya chini ya meza yake, akaivuta mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na vyeti, vya vifo mbele, vya madaktari nyuma, kila kimoja kwenye karatasi ya nailoni, vimepangwa kwa mwezi. Hakuna kilichokunjwa. Alisema cheti cha marehemu hakichanwi, ni laana.

Karani alianza kulia. Inspekta akamwambia mzee kwamba fomu zimejazwa kwa mwandiko uleule wa orodha aliyomwandikia jana, kwamba ufunguo wa fomu tupu anao yeye peke yake, na kwamba hata hivyo kuna jambo hajalielewa. Kwa nini ishirini na tano?

"Ndiyo siku mshahara wangu ulipokuwa ukikatwa," akasema mzee. "Miaka kumi na moja."

Alikaa kwenye kiti chake, akaeleza, na hakuna aliyemkatiza. Ana kijana wake, alisema. Alisoma kwa mkopo, mdhamini baba yake. Mwaka wa mwisho alianguka kutoka ghorofa ya pili akirekebisha waya, na tangu siku hiyo hasemi, hali kwa mkono wake, wala hamjui mtu. Mzee aliomba deni lifutwe. Aliomba katika ofisi hiihii, kwa wakubwa aliowabebea majalada. Fomu ya wakati ule ilikuwa na visanduku viwili tu, hai na marehemu. Kijana alikuwa hai, basi na deni likawa hai. Aliuza kiwanja. Mkewe aliuza vyake, akafa wakiwa bado wanalipa. Siku alipomaliza, hakupewa hata barua ya ahsante. Baada ya miezi mitano ikatoka sheria mpya ya kuwaachia wadhamini, nayo haikurudi nyuma.

"Wakanipa mimi kazi ya kuandika barua za kuwaachia," akasema. "Niliandika tisa. Ya kumi mkono ulikataa."

"Kwa hiyo ukawatoa watu makaburini."

"Nilisema walipe kama nilivyolipa. Sikuchukua hata senti moja, afande."

"Najua. Ndiyo maana nilichelewa kukuona." Bi Taratibu alikuwa na hasira na huruma pamoja, na hakujua ipi imezidi. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mzee wangu. Wewe unaujua kuliko sisi sote humu. Yule mama analala kitini wiki nzima anamsubiri mtoto wake arudi kwa sababu yako. Hilo ulilifikiria?"

Mzee aliirudisha droo polepole. Alisema alifikiria nyumba, na fedha, na usawa. Kwamba mtu atapata ile barua akaamini, hilo halikumpitia kabisa. Alidhani wangejua ni uongo wa ofisi, kama kila mtu anavyojua. Akageuka kwa baba mdogo.

"Siku ile nililia kweli," akasema.

Baba mdogo alitoka nje. Pingu zilifungwa saa tano kasoro dakika tano. Kabla ya kutoka, mzee aliomba apigiwe simu dada yake akamlishe kijana, maana saa sita ni saa yake ya kula, na inspekta akapiga simu hiyo mwenyewe.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Taratibu alifika kwa mama na barua mbili. Ya kwanza ilitiwa sahihi na mkurugenzi wa ofisi ya mikopo jana yake jioni: deni limefutwa, mdhamini ameachiwa, mnada umesitishwa. Lakini haikuwa na nguvu bila ya pili. Kwa kuwa kwenye majalada marehemu alikuwa amejitokeza, wanasheria walitaka mdhamini aandike kwa mkono wake kwamba mwanawe amefariki, na tarehe. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, bahasha ya fedha za mbao iko mapajani, kwa tahadhari.

Inspekta alieleza kila kitu tangu droo hadi pingu. Mama alisikiliza. Kisha akaisukuma ile karatasi mpaka ukingoni mwa meza ya cherehani.

"Mara ya kwanza sikuulizwa," akasema. "Ukuta ulianguka tu. Leo mnataka nimuue mimi, kwa kalamu."

Bi Taratibu alijaribu kusema kitu kuhusu sheria, akajisikia mjinga. Saa ya ukutani ikawa tatu. Ikawa tatu na nusu. Barabarani gari la dalali lilisimama, akashuka mtu na kipaza sauti, majirani wakaanza kukusanyika. Mama hakugeuka hata kutazama.

"Walikuwa wangapi?" akauliza ghafla.

"Marehemu? Thelathini na watatu, pamoja na wako."

"Na barua kama yangu wamepata wote?"

"Wote."

"Basi wanasubiri," akasema mama. "Hivi sasa tunavyozungumza, wanasubiri."

Inspekta hakuwa amelifikiria hilo, yeye anayesoma kila kitu mara tatu. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake kwamba Jumatatu ofisi itawatumia barua za kuomba radhi. Mama aliivuta karatasi, akaomba kalamu. Aliandika polepole, akasimama kwenye neno moja kwa muda mrefu mpaka wino ukafanya doa, akamaliza, akaandika tarehe. Ilikuwa saa nne kasoro dakika sita. Inspekta alitoka na barua zote mbili kwa dalali, ambaye alizisoma, akazima kipaza sauti, akawaambia watu waondoke hakuna kitu hapa. Baba mdogo aliingia ndani akamkuta shemeji yake ameinama juu ya cherehani analia, kilio cha mazishi, kile ambacho mwaka jana hakikutoka. Akasimama karibu naye mpaka kikaisha.

Kisha mama alinawa uso, akavaa viatu, akafunga chumba cha kushonea.

"Kati ya nyumba zao, iliyo karibu ni ipi?" akamwuliza inspekta.

Bi Taratibu akasema hii ni kazi ya polisi, yeye apumzike.

"Wewe hujui kuisema, mwanangu. Juzi ulinijia na habari za mistari ya kidole. Twende."

Ya karibu ilikuwa mitaa minne tu mbele, nyumba ya mstaafu mmoja aliyemdhamini mwanawe wa kiume. Walibisha hodi saa tano na dakika ishirini. Alifungua mzee mwembamba, amevaa shati jeupe na tai, mtu aliye tayari kupokea mgeni. Aliiona sare ya polisi, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Amepatikana?"

Inspekta alifungua daftari, akatafuta pa kuanzia. Mama alimpita, akamshika mzee mkono.

"Hapana, kaka," akasema. "Hakuja. Wangu pia waliniandikia kwamba alikuja, na hakuja. Tukaribishe ndani tukae."